Jibu la swali la wiki: Jiwe tulilokwenda kuliona London mimi na shoga yangu

Habari zenu wahariri, na salamu kwa wasomaji wenzangu wote. Swali lenu la wiki hii mmeuliza, "Umeshawahi kusafiri mbali na rafiki, na kitu gani mlikiona huko ambacho mpaka leo hakijakutoka moyoni?" Mi jibu langu ninalo siku nyingi. Ni jiwe. Jiwe la kaburi la David Livingstone, yule mmisionari na msafiri Mskoti, liko sakafuni ndani ya kanisa la Westminster Abbey pale London, na naomba mnivumilie nieleze kwa urefu maana bila maelezo mtaona ni jiwe tu.

Mi ni mtu wa Bagamoyo, nauza vitenge na vitambaa vya jora. Shoga yangu tumeanza naye darasa la kwanza, yeye Mkatoliki aliyebatizwa palepale misheni, mi Muislamu, nyumba zetu zilikuwa zinatazamana, sasa hivi yuko Uingereza mji unaitwa Reading, treni ya haraka inachukua kama nusu saa mpaka London, kazi yake kuhudumia wazee. Mwaka jana kikoba chetu kilipovunjwa nikajumlisha na faida ya sikukuu, viza ikatoka, mwezi wa sita nikaenda wiki mbili na yeye akaomba likizo siku zilezile ili tutembee wote.

Mwezi wa sita kule jua halizami jamani, magharibi inaingia saa tatu na dakika ishirini na kitu usiku, isha ndo usiseme, nilikuwa nasinzia kwenye kochi nangoja wakati ufike. Ila kwa kutembea ni raha kwa sababu mnatoka asubuhi na mpaka saa mbili usiku bado kweupe mnapiga picha. Kitu kilichotuokoa kwenye nauli ni ile kadi ya treni ya watu wawili, inaitwa Two Together, mnaandikishwa wawili na mkisafiri pamoja nauli inapungua theluthi, ila siku za kazi lazima iwe baada ya saa tatu na nusu asubuhi. Kama unakwenda na mwenzio iulizieni mapema, sisi ilirudisha hela yake kwa safari chache tu. Na makumbusho makubwa ya London kuingia ni bure, ile British Museum hulipi hata senti.

Tulikwenda Brighton kuona bahari, na mimi mtoto wa pwani nikashangaa sana ufukwe wote ni kokoto, hakuna mchanga, watu wamelala juu ya mawe wanaota jua, tukakaa nao tukala samaki na chipsi za siki. Windsor tulipita haraka mvua ikatufukuza. Greenwich ndo tulikaa sana, pale kwenye ule mstari wa nyuzi sifuri ambapo dunia ilikubaliana mwaka 1884 kuhesabia saa, unaweka mguu mmoja mashariki mmoja magharibi. Nje getini kuna saa ya zamani ya ukutani yenye namba 24, nikaangalia nikaangalia na simu nikamwambia mwenzangu mbona hii iko nyuma saa nzima, akanambia hii haifuati saa za kiangazi, wakati wenyewe wanaposogeza saa zao mbele saa moja, yenyewe iko vilevile mwaka mzima. Nikajumlisha tatu, nikajua mama saa hizi ndo anafunga duka. Nilijisikia karibu na nyumbani.

Sasa ndo nije kwenye jiwe.

Kwa mtoto wa Bagamoyo Livingstone si jina la kwenye kitabu tu. Ukiifuata ile barabara ya miembe kwenda misheni unaukuta mnara wa kanisa la zamani, na tangu utotoni tunaambiwa hapa ndipo mwili wake ulilazwa mwezi wa pili 1874 kabla haujavushwa kwenda Unguja na kupakiwa meli. Tumecheza chini ya ule mnara, yani kwetu ulikuwa kama mti wa mtaani. Lakini shoga yangu miaka saba yuko Uingereza, anapita London kila mwezi, na hajawahi kwenda kuangalia ule mwili uliishia wapi. Anasema peke yake hakuona sababu. Mi ndo nikamwambia safari hii tunakwenda.

Kuingia si bure, karibu pauni 30 mtu mmoja, na Jumapili watalii hawaingii, ni siku ya ibada. Tukaingia Jumanne. Ndani ni kurefu juu mpaka shingo inauma, na chini kila unapokanyaga kuna mtu kazikwa au kaandikwa, Newton yuko, Darwin yuko, wafalme ndo usihesabu. Karibu na mlango mkubwa kuna kaburi la askari asiyejulikana waliyemzika mwaka 1920, limezungushiwa maua mekundu, hilo haliruhusiwi kukanyagwa. Ukitembea kidogo mbele katikati ya ukumbi unamkuta Livingstone, na yeye watu wanampita juu. Jiwe jeusi, herufi za rangi ya dhahabu. Tulikaa pembeni tukingoja kundi la watalii lipite ndo tukasogea.

Maneno ya mwanzo yanasema, kwa Kiswahili changu, "Ameletwa na mikono ya uaminifu kupita nchi kavu na bahari, hapa amepumzika David Livingstone". Halafu inafuata tarehe aliyozaliwa, tarehe aliyokufa, 1 Mei 1873, na kijiji cha Chitambo, ambacho sasa kiko Zambia. Shoga yangu akasoma mara mbili kwa sauti ya chini halafu akaniuliza, "Mikono ya nani?"

Pale pale nikahisi kitu kimenikaba. Kwa sababu mimi na yeye tunajua ni mikono ya nani. Ni ya Waafrika waliosafiri na Livingstone, ni Chuma, ni Susi, ni Jacob Wainwright, ni Amoda, ni Halima aliyekuwa mpishi wake, na kundi zima la wanaume na wanawake, wengi wao waliwahi kuwa mikononi mwa wauza watumwa. Mzungu wao kafa, hakuna wa kuwaamrisha, wangeweza kumzika wakaenda zao na hakuna ambaye angewauliza. Wao wakautoa moyo wakauzika chini ya mti, Jacob akachonga jina na tarehe kwenye ule mti, mwili wakautia chumvi wakauanika juani siku kumi na nne, halafu wakaufunga. Na hapa ndipo mi muuza vitambaa panaponishika. Waliufunga kwa kitambaa cha amerikani, juu yake gome la mti, juu yake turubai, na njiani waliposikia kuna vijiji havitaki maiti ipite kwao wakaufunga upya ufanane na robota la biashara. Robota! Mi nabeba marobota kila wiki, nalijua uzito wake, najua kamba inavyokata bega ukilitoa garini mpaka dukani, na hapo ni hatua hamsini. Wao walikwenda miezi kama tisa, zaidi ya kilomita 1,600, wengine wakafia njiani. Walipofika Unyanyembe, hukohuko Tabora, wakakutana na Waingereza waliokuwa wanakuja kumtafuta Livingstone, kiongozi wao Cameron akawashauri mzikeni hapahapa. Wakakataa. Wakaendelea mpaka kwetu Bagamoyo, na walipoukabidhi mwili wengi wao wakalipwa ujira wao na ikawa basi.

Waliomzika London tarehe 18 Aprili 1874 walikuwa na Mwafrika mmoja tu kati ya walioshika jeneza, Jacob Wainwright. Chuma na Susi waliletwa Uingereza baadaye mwaka uleule, mazishi yameshapita. Wakarudi. Chuma akafia Unguja 1882, Susi naye Unguja 1891, Jacob akafia Urambo 1892. Na kwenye jiwe hakuna jina hata moja la kwao, imeandikwa mikono tu.

Sisemi Livingstone hastahili heshima, hapana. Kwenye lilelile jiwe kuna maneno yake mwenyewe ya kuwaombea baraka wote watakaosaidia kuponya lile donda la dunia, yani biashara ya watumwa, na sisi Bagamoyo tunajua donda lenyewe, njia ya misafara iliishia kwetu. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwezi wa sita 1873, mwezi mmoja tu baada ya yeye kufa, hakuliona. Mi nasema tu wale waliombeba wangeandikwa. Nafasi kwenye jiwe ipo.

Basi tukafanya hivi. Tulisimama pembeni ya jiwe tukayataja majina tunayoyajua, kwa Kiswahili, taratibu, moja moja. Chuma. Susi. Jacob. Halima. Amoda. Mwenzangu akafanya ishara ya msalaba, mi nikainua mikono nikawaombea dua. Mama mmoja wa Kizungu aliyevaa joho la wahudumu wa pale akasogea akauliza kwa adabu kama tuko sawa, shoga yangu akamwambia sisi tunatoka pale mwili ulipopandishiwa chombo. Yule mama akanyamaza, akatuomba tumtajie tena yale majina, akawa anayarudia, Susi, Chuma. Hakutuharakisha, na watu wakawa wanapita kwa kutuzunguka.

Ndo maana nikisoma swali lenu jibu langu haliwezi kuwa ule mnara wa Big Ben, japo ni mzuri na tulipiga picha za kutosha. Na ningekwenda peke yangu, au na mtu ambaye hajacheza chini ya ule mnara wa misheni, ningesoma maandishi nikapita. Lile swali lake la mikono ya nani ndo lilinisimamisha.

Niliporudi, Jumapili ya kwanza nikaenda misheni, nikampigia kwa video. Alikuwa mapumziko kazini, kavaa sare, kikombe cha chai mkononi. Akaniambia geuza simu nione mnara, nikageuza. Akaniambia sogea kwenye mbuyu, ule uliopandwa 1868, nione kama kile kipande cha mnyororo bado kinaonekana kwenye shina. Kipo, kidogo tu kimebaki nje, mti umekimeza. Nikakiwekea kidole apate kukiona vizuri, tukabaki hivyo mpaka muda wake wa mapumziko ukaisha.