Antivairasi yako inapeleka wapi inayoyaona? Majibu kwa wasomaji

Barua nyingi za mwezi huu zimeuliza jambo moja kwa njia tofauti: hii programu tunayoiweka ilinde kompyuta, yenyewe inachunguzwa na nani? Nimechagua maswali yanayowagusa wengi na kuyafupisha. Majina nimeyaacha nje, maana ingekuwa kichekesho kuhubiri faragha huku nikiwaanika walioniandikia.

Nafanya hesabu za maduka mawili hapa Umoja, Nairobi, na natumia antivairasi ya bure. Kijana wangu anasema kampuni hizi huuza habari za tovuti ninazotembelea. Ni kweli ama ananitisha tu?

Hakutishi. Imewahi kutokea, tena si kwa kampuni ya uchochoroni. Avast ya Jamhuri ya Cheki, ambayo antivairasi yake ya bure wengi wetu tumewahi kuwa nayo, ilikuwa na kampuni tanzu iitwayo Jumpshot. Biashara ya Jumpshot ilikuwa kuuza rekodi za mizunguko ya watu mtandaoni: ukurasa upi ulifunguliwa, saa ngapi, kwa kifaa cha aina gani, kutoka mji upi. Wanahabari wa Motherboard na PCMag waliifichua Januari 2020, na siku chache baadaye Jumpshot ikafungwa. Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, ilisema Februari 2024 kwamba ukusanyaji huo ulikuwepo tangu angalau 2014, na kwamba waliouziwa walizidi 100. Avast ikatakiwa kulipa dola milioni 16.5 na ikakatazwa kuuza data ya aina hiyo kwa shughuli za matangazo. Mwaka huo huo mamlaka ya Cheki ya ulinzi wa data nayo ikaitoza koruna milioni 351.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba bidhaa hizo zilinadiwa kama kinga dhidi ya wanaokufuatilia mtandaoni. Na utetezi wa kampuni ulikuwa kwamba majina ya watu yaliondolewa kwanza. Haya, tuchukue hivyo. Orodha haina jina lako, ina nambari tu. Lakini nambari hiyo kila Jumapili jioni hufungua tovuti ya kanisa moja la Umoja, kisha ukurasa wa matokeo wa shule ya mtoto, kisha akaunti ya duka ambayo anwani yake ina jina la mwenye duka. Aliyenunua orodha anahitaji jina la nini tena?

Antivairasi yenyewe haina budi kuona mambo haya. Ukifungua tovuti, inauliza makao makuu kama anwani hiyo ni ya matapeli. Ni kama askari wa mlangoni kwenye majengo ya katikati ya jiji: hawezi kukulinda bila kukuona ukiingia, ila kile kitabu anachokuandikisha nambari ya kitambulisho, kikishajaa hujui kinaishia wapi.

Kwa hiyo fungua mipangilio ya antivairasi yako, nenda kwenye faragha, uzime kila swichi inayotaja washirika, matangazo au utafiti wa soko. Kile kijiprogramu chake kilichojibandika kwenye Chrome au Firefox, kiondoe kabisa. Data ya Jumpshot ilichotwa humo pia. Na usidhani ukilipia umepona. Anayelipa naye anakusanyiwa data, tofauti ni kwamba kampuni ina njia nyingine ya kula.

Basi niitoe nibaki na ile ya Windows? Mimi ni mwanafunzi, Kahawa West, na laptopu yangu ni ex-UK, yaani ya mitumba kutoka Uingereza.

Kwa mwanafunzi, ndiyo, inatosha. Microsoft Defender imo ndani ya Windows tayari, haina matangazo ya kukusumbua ulipie, na ukiweka antivairasi nyingine yenyewe hujiweka kando. Si kwamba haitumi kitu: hutuma taarifa za faili inazozitilia shaka, na wakati mwingine faili yenyewe. Ingia Windows Security, kwenye mipangilio ya ulinzi wa virusi, uzime swichi ya kutuma sampuli kama hupendi. Ile ya ulinzi wa mtandaoni iache imewashwa.

Mashine za ex-UK ninazoziona zikiuzwa Moi Avenue nyingi zina Windows 10, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia rasmi Oktoba 2025. Hilo lingenikosesha usingizi kuliko habari za sampuli.

Nipo ofisi ya kuajiri watu, Upper Hill. Napokea CV za watu nisiowajua kila siku. Mwenzangu alinifundisha kuipakia kila faili kwenye VirusTotal kabla ya kuifungua. Ni salama?

Kwa kompyuta yenu, ndiyo. Kwa wenye CV, hapana, na ningeomba muache leo hii.

VirusTotal, ambayo Google iliinunua 2012, hupitisha faili yako kwenye antivairasi nyingi kwa mpigo mmoja. Huduma ni ya bure, lakini faili unayoipakia hugawiwa kampuni za usalama, na wateja wanaolipia wanaweza kuipakua. Hawajaficha, masharti yao yanasema hivyo, na watafiti wanaihitaji ili wapate virusi vipya. Tatizo ni kwamba CV ya binti wa watu, yenye nambari ya simu, ya kitambulisho na majina ya wadhamini wake, sasa iko kwenye rafu ambayo hata wewe huwezi kuifikia ukaifuta. Hata wenyewe wamewahi kunaswa: Julai 2023 ilijulikana kwamba mfanyakazi wao alipakia humo kwa bahati mbaya orodha ya wateja, watu kama 5,600 na barua pepe zao, wengine wa idara za ujasusi.

Ipo njia isiyomwaga siri ya mtu. Kila faili inaweza kukokotolewa alama yake, mstari wa herufi na tarakimu 64. Ukibadilisha nukta moja ndani ya faili, alama hubadilika yote. Kwenye Windows fungua Command Prompt ndani ya folda yenye faili, uandike:

certutil -hashfile cv.pdf SHA256

Mstari mrefu utakaotokea unakili, uubandike kwenye sehemu ya kutafuta ya VirusTotal, usiguse sehemu ya kupakia. Umetuma alama tu, na alama haiwezi kugeuzwa ikarudi kuwa CV. Kama ni virusi vilivyokwisha kujulikana, utaviona hapo. Jibu likija kwamba haijulikani, usifurahi na usiogope, maana CV halisi ya mtu haitakuwa imewahi kuonekana popote. Ifungue ndani ya kivinjari badala ya Word. Na CV inayokuomba uwashe makro (amri zinazojiendesha ndani ya faili) ili uisome, hiyo ifute, mwombaji atatuma nyingine.

Nina duka la nguo Eastleigh, malipo yangu mengi napitishia kwenye tovuti ya benki. Antivairasi inaweza kuona nywila yangu?

Inaweza, kama ukaguzi wa tovuti salama umewashwa. Kwa kawaida mazungumzo yako na benki yamefungwa kwa namna ambayo hakuna wa katikati anayeyasoma. Baadhi ya antivairasi huingia katikati kwa makusudi: huyafungua humo humo ndani ya kompyuta yako, huyakagua kama yana uchafu, kisha huyafunga upya kwa cheti (kitambulisho cha kidijitali cha tovuti) chao wenyewe.

Kujua ni rahisi. Fungua tovuti ya benki, bofya kialama kilicho kushoto mwa anwani, uende hadi kwenye cheti na usome kimetolewa na nani. Ukikuta jina la mtoa vyeti kama DigiCert, uko sawa. Ukikuta jina la antivairasi yako, basi ujue inasoma.

Kusoma si kuiba, bwana, na sijasema kampuni inazitaka hela zako. Lakini anayekaa katikati akikosea, unaumia wewe. Mwaka 2019 mwandishi wa jarida la Kijerumani c't aligundua kwamba antivairasi ya Kaspersky ilikuwa ikipachika ndani ya kila ukurasa uliofunguliwa nambari ya pekee ya kompyuta husika. Tovuti yoyote ingeweza kuisoma nambari hiyo na kukutambua ukirudi, hata ukiwa umejificha kwenye dirisha la faragha. Walirekebisha mwaka huo huo. Antivairasi nyingi hukuruhusu kuondoa tovuti za benki kwenye ukaguzi, fanya hivyo.

Saiba yangu ya Githurai ina Kaspersky kwenye mashine zote na leseni haijaisha. Marekani wameipiga marufuku. Niing'oe?

Amri ile ni ya kwao, haikufungi wewe. Walianza na ofisi za serikali yao Septemba 2017, na Juni 2024 wakakataza isiuzwe kwa yeyote nchini humo, wakihofia kwamba serikali ya Urusi ingeweza kuilazimisha kampuni ya Moscow kutoa data. Kampuni ilikanusha. Wateja wa Marekani waliamka Septemba hiyo wakakuta Kaspersky imetoweka na programu iitwayo UltraAV imekaa mahali pake, na wengi wanasema hawakuulizwa. Hilo peke yake linaonyesha antivairasi ina mamlaka gani juu ya mashine yako.

Ila kisa kinachokuhusu wewe mwenye saiba ni cha 2014. Kwa maelezo ya Kaspersky wenyewe, programu yao ilikuta kwenye kompyuta moja ya Marekani kifurushi cha faili kilichofanana na virusi ilivyokuwa ikivitafuta, ikakituma makao makuu kwa uchunguzi kama ilivyopangiwa. Ndani yake mlikuwa na siri za ujasusi wa Marekani. Mwenye kompyuta alikuwa ameizima antivairasi kwa muda ili aweke Office ya wizi, na kile kifaa cha kutengenezea namba za leseni kilikuja na mlango wa nyuma, njia ya siri ya wadukuzi kuingia, ndani yake. Unaijua hiyo Office. Kama zako zilitoka kwa yule jamaa wa flashi pale River Road, shida yako ya kwanza haiko Moscow.

Wateja wako wanakuja kujaza eCitizen na KRA, wanapiga kopi vitambulisho, wanaacha kila kitu kwenye folda ya vilivyopakuliwa. Futa folda hizo kila jioni kabla ya kufunga. Kwenye mipangilio ya Kaspersky zima kushiriki kwenye KSN (Kaspersky Security Network), ndiyo njia ya kutuma data makao makuu. Leseni ikiisha amua kwa utulivu. Binafsi nisingeirudisha kwenye mashine inayotumiwa na umma, ila pia nisingekimbia leo nikatupa pesa niliyokwisha lipa.

Simu yangu huandika "virusi 13 vimepatikana, safisha sasa". Nisafishe? (Mama mboga, Kawangware)

Hapana, mama. Hilo ni tangazo. Tovuti haiwezi kuhesabu virusi vya simu yako. Funga ukurasa, na kama kuna apu ulipakua kwa sababu ya tangazo hilo, itoe.

Maduka ya apu yamejaa antivairasi za kuigiza. Maabara ya AV-Comparatives ilijaribu apu 250 za Android mwaka 2019, na 80 tu ndizo zilizoweza kunasa zaidi ya asilimia 30 ya virusi walivyowekewa bila kusingizia apu safi. Nyingine zilikuwa na orodha tu ya apu zinazoruhusiwa, na wenye kuziandika wakasahau kujiweka humo, kwa hiyo zikajitangaza zenyewe kuwa virusi! Play Protect ya Google imo tayari kwenye simu yako na haikudai majina ya wateja wako. Apu ya "kinga" inayotaka kusoma SMS na orodha ya simu zako inatafuta kitu kingine, na SMS za M-Pesa unajua zina nini.

Nikigundua kampuni ya antivairasi imetumia data yangu vibaya, Kenya hii nitashtaki wapi?

Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Kifungu cha 31 cha Katiba kinakupa haki ya faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuruhusu kuuliza kampuni ina nini juu yako, kukataa matumizi fulani, na kudai kilicho na makosa kirekebishwe au kifutwe. Sheria inagusa hata kampuni isiyo na ofisi hapa, mradi inashughulikia data ya watu walioko Kenya.

Anza kwa kuiandikia kampuni yenyewe, utunze nakala ya barua na majibu. Wakikupuuza, peleka malalamiko kwa Kamishna kupitia tovuti yao. Sheria inataka yachunguzwe na kuamuliwa ndani ya siku 90. Faini inaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka, ile iliyo ndogo. Hapo "ndogo" ndipo ninaponung'unika: kwa kampuni kubwa ya nje, shilingi milioni 5 ni pesa ya chai. Kwa walio karibu inauma kidogo. Septemba 2023 shule moja ilitozwa 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi, na klabu moja 1,850,000 kwa kuchapisha picha ya mteja bila idhini yake.

Laptopu ya ofisi ina antivairasi ambayo siwezi kuizima. Bosi anaona ninachofanya?

Idara ya kompyuta inaweza kuona programu ulizofungua, tovuti zilizozuiwa, flashi ulizochomeka, na kwa baadhi ya mifumo zaidi ya hayo. Mashine ni yao. Waombe wakuonyeshe sera ya kampuni inayoeleza wanachorekodi, ni haki yako kuelezwa. Barua ya kuomba kazi kwingine iandikie kwenye simu, kwa bando lako.