Vanishi kwenye sakafu ya mninga

Ndugu yangu, umeuliza kama sakafu ya mninga ya nyumba yako hapa Tabora ipakwe vanishi. Mimi ningeipaka, kwa kuwa vanishi huzuia maji na mafuta yasipenye kwenye mbao, tena huikoleza rangi ya mninga, ambayo kwa kweli ni nzuri mno kufichwa chini ya zulia. Hata hivyo, mchanga unaoingia na viatu huikwaruza, na ikishachubuka katikati ya chumba ni vigumu kuitia kiraka kisichoonekana, hivyo mara nyingi hulazimu kupiga msasa sakafu nzima na kuanza upya. Ipake wakati wa kiangazi, mbao zikiwa kavu kabisa na madirisha wazi, na watoto walale kwingine hadi harufu iishe.