Utafiti au wodi ya wazazi: nichague kipi?

SWALI: Shikamoo Daktari. Nimo kwenye mwaka wa intani, na wodi iliyoniteka ni ya wazazi. Nataka kubobea kwenye magonjwa ya wanawake na uzazi, na pia nifanye utafiti. Mjomba aliyenilipia karo anasema utafiti ni kazi ya madaktari wanaoogopa damu. Je, lazima nichague? Na ni lazima niende Ulaya?
Daktari kijana, Arua

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Mjomba mshukuru kwa karo, si mchezo, ila kwa hili usimfuate.

Mtazame Profesa Annettee Nakimuli wa Chuo Kikuu cha Makerere. Ni daktari bingwa wa uzazi, na amewahudumia wajawazito wenye presha inayotangulia kifafa cha mimba. Akaligeuza tatizo hilo kuwa swali la uzamivu. Alishirikiana na watafiti wa Cambridge, lakini akina mama waliochunguzwa walikuwa wa Hospitali ya Mulago, Kampala. Matokeo yaliyotoka 2015 yalionyesha kwamba jeni inayowakinga wanawake wa Kiafrika dhidi ya ugonjwa huo siyo inayowakinga wa Ulaya. Mtu aliyekaa Ulaya akipima Wazungu peke yao angelijuaje hilo? Kwa hiyo nenda ukajifunze mbinu, ukipata nafasi. Swali lenyewe liko kwenye wodi yako.

Wala si jambo jipya kwetu. Jaribio la dawa ya nevirapini lililochapishwa 1999, lililoonyesha kwamba dozi moja kwa mama leba ikianza na nyingine kwa mtoto ndani ya saa 72 hupunguza maambukizi ya VVU kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto kwa karibu nusu ikilinganishwa na dawa ya zidovudini, lilifanyika Mulago. Miongoni mwa walioliongoza alikuwa Francis Mmiro, daktari wa uzazi. Mtu wa damu kabisa, huyo.

Njia yenyewe unaijua: intani, kisha uzamili wa miaka mitatu, Makerere au Mbarara, na tasnifu ndani yake. Hapo kwenye tasnifu ndipo wengi wanapoharibu. Wanachukua mada yoyote inayomalizika haraka, wanahesabu umri wa wagonjwa, wanafunga. Wewe anza sasa. Fungua rejista ya leba, uwaangalie akina mama waliopewa rufaa kutoka vituo vya daraja la tatu, ambako hakuna chumba cha upasuaji. Nani alichelewa, na alichelewea wapi: nyumbani, kituoni, au akisubiri gari? Jiandikie hilo swali kwa sentensi moja. Ukitaka kulifanya utafiti, usichukue hata ukurasa wa rejista kabla kamati ya maadili haijakubali na Baraza la Kitaifa la Sayansi na Teknolojia halijasajili kazi yako.

Sasa kikwazo ambacho wakubwa hawapendi kukitaja: muda. Ukishakuwa bingwa, utaitwa upasuaji usiku, utafundisha wanafunzi, na jioni utakimbilia kliniki binafsi kwa sababu mshahara hautoshi. Utafiti utaufanya saa ngapi? Marekani walishaliona tatizo hili. Tangu 1998 wana mpango wa kuwalea madaktari wa uzazi wawe watafiti, na kwa kawaida daktari aliyemo hutakiwa kuweka robo tatu ya muda wake wa kazi kwenye utafiti, analipwa kwa hilo, na ana mlezi anayemfuatilia. Hapa kwetu robo tatu ni ndoto, sikudanganyi. Lakini siku mbili kwa wiki, zimeandikwa kwenye ratiba na mkuu wa idara amezitia saini, hizo zidai. Zidai kabla hujauliza habari za ruzuku.

Mlezi mtafute mapema, na usitafute jina kubwa. Mtafute anayesoma rasimu yako na kuirudisha ikiwa nyekundu.

Halafu mtaalamu wa takwimu. Muone kabla ya kukusanya data. Ukimwendea baada ya hapo, atakachoweza ni kukuuliza kwa nini hukuandika uzito wa mama.