Nilishiriki utafiti wa majaribio ya tiba na sikumeza hata kidonge kimoja

Dada, hofu yako naielewa. Unasema mama kaombwa hospitalini ajiunge na utafiti, nanyi nyumbani mnaogopa atapewa dawa ngeni. Inawezekana, lakini si lazima. Mimi niliingia kwenye utafiti kwa sababu ya goti, na kilichopimwa kilikuwa mazoezi.

Baada ya kusomewa fomu ya ridhaa na kutia saini, muuguzi alifungua bahasha mbele yangu. Ndani mlikuwa na kikaratasi chenye neno moja: mazoezi. Wenzangu wengine waliangukia matunzo ya kawaida. Aliyepanga si daktari wala mimi, ni kura. Nikawa nakaa kitini na kuinuka bila kushika popote, mara 10, napumzika, narudia. Kila Jumamosi nilijaza daftari: maumivu, kuanzia 0 hadi 10. Nilianza na 7, miezi mitatu baadaye naandika 3. Nilifurahi sana, ila mtaalamu wa viungo akaniambia goti lingeweza kupoa lenyewe, na ndiyo sababu wanahitaji kundi la pili.

Hata upasuaji hupimwa hivyo. Kule Houston, Marekani, watu 180 wenye magoti yaliyolika waligawanywa: wengine wakasafishwa ndani ya kiungo, wengine wakachanjwa ngozi tu na kushonwa, na wote walikuwa wameridhia wakijua hilo linaweza kuwapata. Matokeo ya 2002 yalionyesha kwamba waliosafishwa hawakupata nafuu zaidi.

Linaloniuma mpaka leo ni la watoto. Zaidi ya 3,000, wa Kenya, Uganda na Tanzania, walifikishwa hospitali wakiwa na homa kali na damu isiyozunguka vizuri. Kuwamiminia maji ya dripu kwa haraka kulikuwa kwenye miongozo ya tiba. Utafiti uliochapishwa 2011 ukakuta kwamba waliomiminiwa walikufa wengi zaidi: ndani ya saa 48, 10 na ushei kati ya 100, dhidi ya 7 na ushei kwa wasiomiminiwa. Bila kulinganisha, nani angeshuku dripu?

Kwa hiyo kabla mama hajasaini, waulizeni wanalinganisha nini na nini, na akiangukia kundi lile jingine atatibiwaje. Waulizeni pia ni kamati gani ya maadili iliyoupitisha utafiti huo. Kama ni dawa mpya kweli, kaeni nao muda mrefu kwenye suala la madhara. Na mama ajue kwamba anaweza kujitoa siku yoyote, bila kudaiwa sababu, na matibabu yake ya kawaida yakaendelea.