Wanafunzi wa nje wanakuja pwani ya mashariki ya Unguja? Anza na jedwali la maji

Mkuu, umeuliza uanzie wapi: wanafunzi 20 na walimu 2 kutoka chuo cha Uingereza, siku 14 Paje na Jambiani mwezi Julai, nusu wanapima majani ya bahari, nusu wanahoji wakulima wa mwani. Waliotangulia kukujibu hapa wametaja tiketi na hoteli. Hayo yatapatikana tu. Kinachoua kazi ya pwani ni kufunga tarehe kabla hujaangalia jedwali la maji, yaani la saa za kujaa na kupwa.

Bamvua, yaani maji yanayojaa na kutoka kupita kawaida, huja siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama au kuwa mpevu. Hapo maji ya Unguja hupanda na kushuka karibu mita 4, na kupwa kwa mchana huangukia mnamo saa 4 asubuhi, kisha husogea mbele kama dakika 50 kila siku. Wiki moja baadaye ni maji mafu: bahari haitoki vya kutosha na mistari yenu ya kupimia majani yote iko chini ya maji. Kwa siku 14 una bamvua moja tu la uhakika. Panga ndege ili liangukie siku ya 5 hadi ya 8. Wanafunzi watakuwa wameshazoea joto na kujifunza kutambua aina za majani, na siku ikiharibika utakuwa na nyingine ya kurudia. Walimu wakikuambia ratiba mtaitengeneza mkishafika, kataa.

Kosa linalofuata ni kuweka mahojiano siku hizohizo. Siku za bamvua ndizo za kazi kwa akina mama wa mwani: kuchomeka vigingi, kufunga mbegu kwenye kamba, kuvuna. Ukimsimamisha mtu hapo atakujibu ndiyo kwa kila swali ili uondoke. Mahojiano yaende maji mafu, baada ya alasiri, na sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, awe na barua yenu mapema, siyo asubuhi ya kuanza. Kila wageni wawili wapate mwanafunzi mmoja wa hapa, wa SUZA (Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar) kwa mfano, anayelipwa kama msaidizi wa utafiti, siyo kwa soda. Yeye ndiye atakayekuambia swali gani linawaudhi watu. Siku za Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya wa jadi, usipange mahojiano Makunduchi.

Vibali: anza miezi 6 kabla, kupitia taasisi mwenyeji. Zanzibar ina utaratibu wake wa utafiti, kwa hiyo usidhani kibali cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Tanzania) kinamaliza kila kitu. Viza ya utalii si ya kukusanya data. Daraja la kibali cha ukaazi mwenyeji aliulize Uhamiaji kwa maandishi. Tangu Oktoba 2024 mgeni anayeingia Zanzibar hulipia bima ya lazima, dola 44. Bima ya chuo bado inahitajika, tena yenye kumsafirisha mgonjwa kwa ndege. Anayepitia nchi yenye homa ya manjano na kukaa uwanjani zaidi ya saa 12 aje na cheti cha chanjo.

Vifaa vingi tengenezeni hapahapa. Fremu ya kupimia majani, sentimita 50 kwa 50, ni mita 2 za bomba la plastiki la nusu inchi na elbo 4. Toboa matundu pande zote ili maji yaingie, la sivyo itaelea na kuhama kila wimbi likija. Usitie gundi, ifunguke iingie begini. Tepu iwe ya nyuzi, mita 50. Ya chuma inaliwa na chumvi. Watu 3 kwa kila mstari: wa tepu, wa kusoma, wa kuandika kwa penseli.

Sasa usalama, na hapa usilegeze. Anzeni ufukweni mkifuata maji yanavyotoka, mkageuke kwa saa, siyo kwa macho. Maji yanaporudi huingia kwanza kwenye mikondo na mabonde yaliyo kati yenu na nchi kavu, kwa hiyo aliye mbali anaona mchanga mkavu miguuni wakati nyuma yake pameshajaa hadi kiunoni. Saa ya kupwa ikifika, filimbi, wote wanageuka hata kama fremu 3 zimebaki. Mvuvi wa hapo awe na kila kundi. Jedwali ni la bandari ya mjini, yeye anaijua Jambiani.

Viatu viwe vya kufunika vidole, soli ngumu. Sandali zitakuletea miiba miguuni siku ya kwanza. Aliyechomwa na samaki taa au samaki-jiwe, mguu utiwe kwenye maji ya moto anayoweza kuyavumilia, dakika 30 hadi 90, kisha hospitali. Kwa hiyo chupa mbili za chai zenye maji ya moto zishuke ufukweni kila siku, na ndoo. Mwenzake ajaribu joto kwanza kwa mkono, maana mguu wenye ganzi hauhisi kuungua. Wanaomeza doksisaiklini kwa ajili ya malaria huungua na jua haraka, basi mikono mirefu. Maji ya kunywa lita 3 kwa kichwa.

Gari moja libaki ufukweni na dereva wake mpaka wa mwisho atoke majini. Kutoka Paje hadi hospitali ya Mnazi Mmoja, mjini, ni kama saa nzima.