Wanangu wanataka kambi, mimi sitaki: ninunue nini?

SWALI: Shangazi, shikamoo. Mke wangu alikuwa skauti tangu utotoni, na hakuna anachokipenda kama kulala kwenye hema. Wanetu watatu, wa miaka 11, 8 na 4, wamemfuata. Wameshapanga safari nne za mwisho wa juma, kila moja usiku mbili. Mimi nimelala porini mara mbili tu maishani, na zote mbili sikufumba jicho: baridi, mgongo, na kila mchakacho wa majani ukinikurupusha. Sitaki kuwakatalia, wala sitaki kubaki nyumbani peke yangu. Tulipogawana kazi, ununuzi wa vifaa ukaniangukia mimi, kwa sababu mwenzangu anasema yeye hata juu ya jiwe analala. Nimeingia dukani nikaonyeshwa vitu nisivyovijua hata kwa majina, nikatoka mikono mitupu. Nianzie wapi?
– *Baba wa Watatu*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kazi hiyo imempata mwenyewe. Anayelala juu ya jiwe hawezi kumchagulia mwingine godoro. Wewe uliyekesha ndiye unayejua panapouma. Umenitajia mambo matatu, baridi, mgongo na sauti za usiku. Hayo ndiyo orodha yako ya manunuzi. Kitu kisichogusa mojawapo ya hayo kiache dukani kwanza.

Mimi niliolewa kwenye ukoo wa watu wa kambi. Usiku wangu wa kwanza nilitandika turubai chini, nikajifunika blanketi mbili. Kufika saa nane meno yanagongana. Nikavuta blanketi la tatu juu, wapi! Mama mkwe akaamka, hakusema neno, akachukua blanketi moja kati ya yale matatu, akalikunja, akaniambia ninyanyuke, akaliweka chini yangu. Nikalala mpaka alfajiri. Miaka mingi imepita na bado namshukuru, maana tangu usiku ule sijawahi kumshauri mtu aanze na kingine chochote ila cha kulalia.

Ardhi hunyonya joto la mwili usiku kucha. Mfuko wa kulalia, hata uwe mnene vipi, ule upande ulioulalia unabanwa na uzito wako, hewa iliyokuwa ikitunza joto inatoka, na unabaki kama shuka. Kwa hiyo kinachokukinga na ardhi ni godoro au sponji iliyo chini ya mfuko. Kwenye lebo ya godoro tafuta herufi R na namba yake. Namba ikiwa kubwa, joto linapita kwa shida. Tangu 2018 kipo kipimo cha pamoja, ASTM F3340, na godoro lililopimwa kwa hicho unaweza kulilinganisha na la mtengenezaji mwingine bila wasiwasi. Kwa usiku wa joto, R ya 1 au 2 inatosha. Usiku wa ubaridi nenda 3 au 4. Penye umande kuganda, zaidi ya hapo. Namba hizi hujumlishwa: sponji ya R 2 chini na godoro la R 2 juu yake ni R 4.

Usivutwe na unene peke yake. Lile godoro kubwa la kujaza upepo linalowekwa sebuleni wageni wakija, mara nyingi ndani halina kitu ila hewa. Hewa hiyo inazunguka na kuhamishia joto lako ardhini, na kadiri godoro lilivyo nene ndivyo hewa inavyopata nafasi ya kuzunguka. Likiwa ndilo ulilonalo, tandika sponji au blanketi juu yake, kati yako na ile hewa. Kwa mgongo wako, hasa kama unalala ubavu, nunua godoro la kambi lenye kizuia joto ndani na unene wa sentimita 7 au zaidi, ili nyonga isiguse chini. Watoto watosheke na sponji ngumu ya povu. Haitoboki, haihitaji pampu, na mchana wataikalia.

Mfuko wa kulalia ndipo watu wanapodanganyika. Mimi niliuziwa mmoja ulioandikwa 0 kwa herufi kubwa, muuzaji akaniapia kwamba maji yakiganda nje mimi nitakuwa nimelala usingizi mnono. Niliposoma lebo ndogo iliyoshonwa ndani, nikakuta namba tatu. Ile 0 ilikuwa ya hatari. Ya starehe ilikuwa nyuzijoto 14. Kipimo chenyewe kinaitwa ISO 23537, na ndivyo kinavyopanga: starehe, ambapo mwanamke wa kawaida analala bila kujikunyata, kikomo, ambapo mwanamume wa kawaida analala akiwa amejikunja, na hatari, ambapo mtu anaweza tu kuuvuka usiku bila kufa kwa baridi. Hiyo ya tatu si ya kulala usingizi. Wewe nunua kwa namba ya starehe, na iwe chini kidogo ya baridi unayoitegemea. Kama mnakwenda milimani, kadiria joto kupungua nyuzi 6 na nusu kwa kila mita 1,000 mnazopanda. Na hema lisiwekwe chini kabisa bondeni. Hewa baridi ni nzito, usiku inateremka na kukaa huko.

Vipimo hivyo ni vya watu wazima. Mtoto mdogo ukimpa mfuko wa mtu mzima, anabaki na nafasi kubwa ambayo mwili wake hauwezi kuipasha. Kama hutaki kununua wa kitoto, kunja sehemu ya miguuni iwe chini ya mfuko, au ifunge kwa kamba. Huyo wa miaka 4 mchukulie uliojazwa nyuzi za kutengenezwa, usimchukulie wa manyoya ya bata. Manyoya ni mepesi na yana joto, lakini yakilowa yanashikana na joto lote linakwisha, na mtoto wa umri huo anaweza kulowanisha.

Hema sikushauri ununue sasa. Azima, au kodi, safari ya kwanza na ya pili, ndipo ujue mnataka nini. Ila hata la kuazima lichague kwa akili. "Hema la watu 5" maana yake watu 5 wamepangwa bega kwa bega, kila mmoja na sentimita 60 hivi, mabegi nje. Ninyi chukueni la watu 7 au 8. Kama mnafika kwa gari, tafuta lile unaloweza kusimama ndani ukavaa suruali. Mtu asiyependa kambi akilazimika kuvaa akiwa amelala chali, siku yake inaharibika kabla ya chai. Kitambaa cha nje kishuke karibu na ardhi, na uangalie namba ya milimita kwenye lebo, yaani kimo cha maji ambacho kitambaa kinastahimili kabla ya kupenyeza: 1,500 kwa paa huzuia mvua, sakafu inataka 3,000 au zaidi kwa sababu magoti yanaigandamiza. Fito za alumini hudumu kuliko za nyuzi za kioo, ambazo huchanika kwa urefu na kuacha vijiti vinavyochoma vidole.

Tuje kwenye mchakacho wa majani. Kinachomkurupusha mtu ni sauti ambayo macho hayawezi kuithibitisha, kwa hiyo nunua tochi za kichwani tano, kila mtu na yake, hata mdogo. Mtoto mwenye tochi yake haogopi kutoka, na wewe ukisikia kitu unawasha, unatazama, unarudi kulala. Pia nunua vizibo vya masikio, vya povu, ila mpangiane na mkeo: usiku mmoja yeye ndiye anayesikiliza watoto nawe unaziba, usiku wa pili mnabadilishana. Ndoo ndogo yenye mfuniko kwa ajili ya haja ya usiku nayo ina faida kubwa kuliko watu wanavyokiri.

Sufuria, visu na vikombe chukua vya jikoni kwako. Seti za kukunjana, shoka dogo, meza yenye mashimo ya vikombe, vyote vinasubiri. Kiti kimoja kizuri chenye egemeo jinunulie bila kuona haya, maana mchana wa kambi ni mrefu.

Neno moja nalisema kwa ukali, kwa sababu wewe ni mtu wa kusikia baridi na saa nane ya usiku utashawishika. Usiingize jiko ndani ya hema, la mkaa wala la gesi, hata mkaa unaoonekana umekufa. Hutoa hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi, na aliyelala haamki. Ukitaka joto, jaza chupa maji ya moto, kaza mfuniko, ichomeke ndani ya soksi, iweke miguuni. Watoto wavae nguo kavu za kulalia, zile walizoshinda nazo zina jasho.

Kabla ya safari, laleni usiku mmoja kwenye hema hapohapo nyumbani, kisha niandikie.

SWALI: Shangazi, ni mimi tena, wiki tatu baadaye. Tumelala uani, hema la kuazima. Godoro nimelipenda, nimelala kwa muda wa saa sita hivi. Lakini asubuhi paa la ndani lilikuwa linadondosha maji, na mvua haikunyesha hata tone. Mfuko wa mkubwa umelowa miguuni. Mimi nasema hema linavuja, mke wangu anasema ni kawaida. Nani mkweli?
– *Baba wa Watatu*

JIBU: Mkeo, mwanangu. Saa sita zimenifurahisha kuliko unavyodhani.

Maji hayo mmeyapumua wenyewe. Watu watano wanatoa mvuke usiku kucha, mvuke unagusa kitambaa kilichopoa, unageuka matone, sawa na mfuniko wa sufuria. Nadhani pia ulifunga kila zipu na kila tundu kwa kuogopa wadudu. Matundu ya juu yaache wazi, na mlango bakiza neti peke yake mvua isipokuwepo. Wadudu wanazuiwa na neti, si na kitambaa. Soksi na taulo zilizolowa zisilale ndani. Mkubwa wako ni mrefu, miguu yake inagusa ukuta wa hema, ndiyo maana akalowa. Mgeuze alale kwa urefu wa hema.

Ukitaka kuutuliza moyo, mchana lisimamishe tena likiwa tupu, lipige maji kwa mpira wa bustani dakika kumi, kisha ingia upapase mishono. Tone likipenya hapo, ndiyo linavuja, mwambie mwenye hema.

Kabla ya kumrudishia, likaushe kabisa, pande zote mbili na sakafu. Hema likikunjwa na unyevu huota ukungu, na ule utando unaozuia maji huanza kunata na kubanduka. Mifuko ya kulalia nayo usiirudishe kwenye vile vifuko vyake vidogo ikakaa imebanwa mpaka safari ijayo. Itundike, au itie kwenye foronya kubwa. Huo uliolowa uuanike leo, uwe umekauka kabla ya Ijumaa.