Maswali ya Wasomaji: Toleo Jipya la Hearthstone Limetoka, Nishike Deki Ipi?

Hearthstone, gemu ya karata ya mtandaoni, hutoa matoleo makubwa ya karata mpya mara tatu kwa mwaka. Kwa 2025 yalikuja Machi, Julai na Novemba. Kila linapotoka, barua za ukurasa huu huwa za aina moja: vumbi (la kutengenezea karata) limeisha na deki (seti ya karata 30 za kuchezea) haishindi. Tumechagua tano.

*Wahariri, habari za kazi. Nina vumbi 5,200 na dhahabu 1,800. Toleo halijamaliza hata siku mbili, na kuna deki moja kila mtu anaisifia mtandaoni. Karata ninazokosa, kuanzia daraja la juu, ni lejendari 2, epiki 2, adimu 6 na za kawaida 4. Niitengeneze? – Msomaji, Mbeya*

Bado, ndugu. Piga hesabu kwanza: lejendari hutengenezwa kwa vumbi 1,600, epiki 400, adimu 100, ya kawaida 40. Deki hiyo itakula 4,760 na kukuachia 440, yaani epiki moja na chenji. Ikichuja wiki ijayo, utakuwa umekwama nayo hadi toleo lijalo.

Na kuchuja ni rahisi. Siku za mwanzo nusu ya wapinzani wanajaribu karata mpya za mana 7 na 8 (mana ni gharama ya kuicheza karata, na huongezeka kila raundi) ndani ya deki ambazo hazijaiva. Deki ya kasi inawamaliza kabla hawajafika huko, kwa hiyo takwimu zake zinang'aa. Baada ya wiki moja hivi watu huongeza karata za kujiponya na za kufagia viumbe vyote mezani, na deki ile ile inaanza kuchechemea. Deki inayofaa kugharimiwa ni ile ambayo bado inashinda baada ya watu kujua namna ya kuikabili.

Wakati unasubiri, anza na dhahabu. Ingia kwenye gemu uchukue zawadi za uzinduzi. Mara nyingi kuna lejendari ya bure humo. Kisha nunua pakiti 10 za toleo jipya kwa dhahabu 1,000, kwa sababu lejendari ya kwanza ya toleo haipiti pakiti ya 10. Ikishatoka, uhakika unaofuata uko ndani ya pakiti 40, hivyo 800 zilizobaki usizikimbilie. Fungua pakiti zote ulizo nazo ndipo utengeneze chochote. Anayetangulia kutengeneza anaweza kulipia 1,600 kwa karata iliyokuwa inamsubiri kwenye pakiti ya tatu.

Wiki ikipita, ziangalie zile lejendari 2. Isiyo na klasi (kundi la shujaa, kama Priest au Hunter) inaingia deki ya shujaa yeyote. Ya Priest itabaki kwa Priest. Tukiwa na vumbi la lejendari moja tu, sisi huanza na isiyo na klasi, hata kama ile nyingine inasisimua zaidi. Tazama pia mwezi: toleo la kwanza la mwaka ndilo huondoa matoleo ya zamani kwenye Standard, aina ya mechi inayokubali matoleo ya karibuni tu. Karata ya toleo la mwaka juzi ukiitengeneza Februari, ikifika Machi au Aprili itakuwa haichezeki tena isipokuwa kwenye Wild, inayokubali hata za zamani.

*Lejendari niliyotengeneza imepunguzwa nguvu. Nikasikia vumbi linarudishwa lote, nikasaga deki nzima, yaani nikazivunja karata ziwe vumbi. Nimepata kiduchu! Nimeibiwa? – Mama Gemu, Mombasa*

Hujaibiwa, dada, ila umesaga kupita kiasi. Karata iliyopunguzwa nguvu hurudisha bei yake kamili kwa muda maalumu, takriban wiki mbili, na unalipata vumbi hilo kwa kuisaga wewe mwenyewe. Lejendari yako imekurudishia 1,600. Zile nyingine hazikuguswa na mabadiliko, kwa hiyo zimesagwa kwa bei ya siku zote: lejendari 400, epiki 100, adimu 20, ya kawaida 5.

Watu wengi hunasa hapo. Husema, "Nitengeneze tu, wakiipunguza nguvu narudishiwa." Kwa karata moja ni kweli. Lakini kama ulitengeneza epiki 2 ambazo kazi yake ni kuisaidia lejendari hiyo tu, ulizilipia 800 na ukizisaga unapata 200. Kabla ya kutengeneza, jiulize kila karata inafanya nini ikiwa mhimili wa deki umeondolewa. Zinazosimama zenyewe, kama za kuvuta karata au kuua kiumbe kimoja, hazina hasara kubwa.

Mara nyingine usisage siku ile ile. Kuna karata zinazoongezwa mana 1 tu na deki inaendelea kushinda. Muda wa marejesho unao. Zicheze siku kadhaa, kisha uamue kabla haujaisha.

*Nimenakili deki ya Hunter ya kasi. Sina karata 2 za mana 2, nikaweka lejendari yangu ya mana 9 na epiki ya mana 6 maana zina nguvu zaidi. Mbona napigwa? – Kijana wa Kisumu*

Kwa sababu umeziba tundu la raundi ya pili kwa kitu cha raundi ya tisa. Deki ya kasi inataka mechi iwe imeisha karibu raundi ya sita au ya saba. Lejendari yako itakaa mkononi hadi unakufa. Badilisha kwa kuangalia mana na kazi: mana 2 kwa mana 2, au mana 1 ukikosa. Kiumbe cha kawaida cha vumbi 40 kinatosha kabisa hapo.

Angalia na nakala. Unapoanza wewe unapewa karata 3 kati ya 30 na unaruhusiwa kuzibadilisha. Ukizirudisha zote ukitafuta karata moja, yenye nakala 2 utaipata mkononi takriban mara 37 katika 100. Yenye nakala 1, mara 20. Anayeanza wa pili hupata karata 4, na kwa nakala 2 inafika mara 47. Ndiyo maana karata ya raundi za mwanzo huwekwa nakala 2. Msimbo wa deki ukiubandika na gemu ikajitolea kukujazia zilizopungua, ikatae, zichague mwenyewe.

*Mechi 10, nimeshinda 6. Nibaki na deki hii? – Msomaji, Muscat*

Mechi 10 hazisemi kitu. Rusha sarafu mara 10: upande uliouchagua utatoka mara 6 au zaidi takriban mara 38 katika kila majaribio 100. Hata kwa mechi 20, deki ya nusu kwa nusu inaweza kukupa ushindi 6 au 14 kwa bahati tu. Tumia takwimu za wengi: tovuti ya HSReplay huonyesha asilimia za ushindi, na Vicious Syndicate huchambua deki zinazotamba. Soma za ngazi yako, si za Legend, ngazi ya juu kabisa, pekee. Deki ya subira inayotesa kule juu inaweza kukushinda kuiendesha ukiwa ligi ya chini kama Silver, maana kosa moja la raundi ya nne linagharimu mechi nzima.

Mechi zako mwenyewe ziandike kwa namna nyingine: umepoteza kwa klasi ipi, na karata gani ilikuwa imekwama mkononi. Karata moja ikikwama mara nne au tano, itoe. Jaribio lenyewe lifanye ukiwa kwenye sakafu, yaani ngazi ya 10 au ya 5 ya ligi yoyote, kwa mfano Gold 5. Ukishafika hapo hushuki chini yake mwezi huo, hivyo kupoteza hakukurudishi nyuma. Casual, yaani mechi zisizo za ngazi, haitoi kipimo. Kila mtu huko anachezea anachotaka.

*Nimebadili simu, nikaingia kwa akaunti ile ile, karata zote hakuna! – Msomaji, Dar es Salaam*

Usisage wala kununua kitu. Angalia kanda kwenye ukurasa wa kuingilia. Amerika, Ulaya na Asia kila moja ina mkusanyiko wake, na karata, dhahabu na vumbi havihami. Kama ulikuwa ukicheza Ulaya na simu mpya imekuingiza Amerika, toka, chagua Ulaya, ingia tena.